Nesi na Kitenzi Kisichosogea

Watu wa Kamuli walimwita Nesi, na waliendelea kumwita hivyo miaka mingi baada ya yeye kustaafu kazi ya zahanati. Jina lake la ubatizo karibu hakuna aliyelitumia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakuwa mwanafunzi wake kwa muda mrefu ndipo siku moja nikalisikia likitajwa kanisani kwenye matangazo, nikageuka nyuma kutafuta huyo mgeni ni nani. Alikuwa ameketi mbele yangu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye mwendo wa haraka. Miwani yake ilikosa mguu mmoja, akaifunga kwa uzi wa kushonea viatu. Saa yake hakuivaa mkononi. Aliibana kifuani kwa pini, kama manesi wa zamani, na ukichelewa alikuwa anaiinua kwa vidole viwili na kukuonyesha bila kusema neno. Lakini yeye mwenyewe alichelewa kila mahali, kwa sababu hakuweza kumpita mtoto mchanga njiani. Alisimama, akamshika kichwa, akamtazama ulimi, akamuuliza mama ananyonyesha vipi. Sisi wanafunzi wake tulikaa kwenye benchi lake tukimsubiri, tukimsikia anavyokuja taratibu, nyumba hadi nyumba.

Alichotufundisha kilikuwa Kiholanzi.

Najua inavyosikika. Katika kibanja cha migomba na kahawa wilayani Kyerwa, ambako wengi tunaongea Kinyambo nyumbani na Kiswahili tunakitafutia maneno, bibi mmoja anafundisha lugha ya watu wa mbali kiasi hicho. Lakini kwetu haikuwa ajabu sana. Familia nyingi za huku zilitoka Rwanda na Burundi, na baadhi ya ndugu zao walichukuliwa kutoka kambi za wakimbizi wakapelekwa Ulaya. Mmoja ana dada kule, mwingine ana mume, mwingine ana mke. Mimi nilikuwa na mke.

Wazazi wake walikuwa Warundi, waliopelekwa Uholanzi yeye akiwa mdogo. Alipokua alikuja Nyakakika kumwona shangazi yake aliyebaki, na siku aliyofika nilikuwa juu ya nyumba ya huyo shangazi, napaua. Alinisalimia kutoka chini. Nilidondosha nyundo. Tulifunga ndoa katika kanisa la Kilutheri, akarudi kazini kwake akiwa mjamzito, nami nikabaki Igurwa kwa mama yangu nikingoja ruhusa ya kumfuata. Serikali ya kule ilitaka kwanza nifanye mtihani wa lugha ubalozini, Dar es Salaam. Mashine inakuuliza swali, unaijibu kwa mdomo. Ukishindwa, unabaki ulipo.

Tulijaribu kufundishana kwa simu, mimi na mke wangu. Somo la kwanza liliishia kwenye ugomvi.

"Kwa nini umeweka kitenzi hapo?" aliniuliza.

"Kwa nini kisikae hapo?"

"Sijui kwa nini! Hakikai hapo tu!"

Alikuwa ameizoea lugha ile tangu utotoni, na aliyezoea hajui anachokijua. Shangazi yake ndiye aliyenitajia Nesi. Nikapanda bodaboda mpaka Kamuli.

Nesi hakumpokea mtu kabla ya kumuuliza swali moja: nani anakungoja? Kama jibu lilikuwa "maisha mazuri", alikukaribisha kahawa, akakusindikiza mpaka barabarani. Kijana mmoja alimbembeleza sana, akasema anataka kwenda tu, afike, mengine atayaona huko huko. Nesi akamwambia, "Baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno. Ukiwa huna mtu wa kukufungulia mlango, utakufa umesimama." Kisha akamtafutia nafasi ya kujifunza ushonaji kwa fundi wa Kayanga, na kijana yule leo ana cherehani zake mwenyewe.

Mimi nilimwambia, "Ananingoja mke wangu, na mtoto ambaye hajazaliwa."

Akanitazama juu ya miwani. "Basi tuna haraka," akasema. "Chukua kisu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini masomo yake yalikwenda hivyo, mikono ikiwa kazini. Tulimenya ndizi, tulichuma kahawa, tulichambua maharage, na kila kilichofanyika kilisemwa kwa Kiholanzi wakati huo huo kinafanyika. Hiyo ndiyo ilikuwa ada yake: kazi ya siku ile. Alisema hajawahi kuona mtu anajifunza lugha akiwa amekunja mikono. Yeye mwenyewe alijifunza kwenye wodi ya wazee, alipopelekwa Uholanzi na masista kusomea uuguzi. Alituhadithia kuhusu babu mmoja wa kule aliyekataa kumeza dawa mpaka nesi amwombe kwa sentensi iliyonyooka. Ukikosea mpangilio, anafunga mdomo. "Kwa hiyo," alisema Nesi, "kila nilipokosea sarufi mgonjwa aliumwa. Ninyi mna bahati, mkikosea mnaunguza sufuria tu."

Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa *Ik drink koffie*. Nakunywa kahawa. Nikairudia na kikombe mkononi, nikajiona nimeshafika.

"Sasa anza na neno 'sasa'," akasema.

"*Nu ik drink koffie.*"

Akaninyang'anya kikombe.

"*Nu drink ik koffie*," akasema yeye, akanywa kahawa yangu mwenyewe huku ananitazama. "Kitenzi kinakaa nafasi ya pili. Ukileta neno jingine mbele, kitenzi hakisogei. Anayesogea ni wewe, 'ik', unapita nyuma yake. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Lakini utaelewa."

Ili tuelewe, alitusimamisha. Kila mmoja wetu alikuwa neno. Tulijipanga mstari mbele ya nyumba yake, kati ya jiko na mibuni, naye akatupanga na kutupangua kwa mkono kama anayepanga watoto wa chanjo. Kitenzi alikuwa mtu mmoja tu siku zote: kibarua mmoja mwenye asili ya Rwanda, mrefu, mpana wa mabega, mpole mno, ambaye mchumba wake alikuwa katika mji mmoja wa kule. Alisimama nafasi ya pili kama nguzo ya umeme. Sisi wengine tuliruka huku na huku. Wakati mwingine nilikuwa "kesho", nikawekwa mbele, nikajisikia mkubwa. Dakika inayofuata nikarudishwa nyuma ya "ik", kabla ya "kwa basi" na "Kayanga". Watoto waliotoka shule walisimama kwenye ua kututazama, wakidhani tunafanya mazoezi ya ngoma.

Alikuwa na njia yake ya kutuondolea hofu. Wakati tulipolalamika kwamba majina ya Kiholanzi yamegawanyika, mengine yanataka *de* na mengine yanataka *het*, na hakuna dalili ya kukuonyesha lipi ni lipi, alicheka mpaka miwani ikadondoka.

"Ninyi! Watu wa ngeli!" alisema. "Mtu anasema mti, miti, kiti, viti, ua, nyua, na Kinyambo chetu kina nyingi zaidi ya hapo, na hakuna hata mmoja wenu aliyelia akiwa na miaka mitatu. Wenzenu wana ngeli mbili. Mbili tu! Halafu mnakaa hapa kama mmefiwa."

Sijasahau nilivyojisikia. Tangu nianze, nilikuwa nikijiona mtu wa shamba anayebisha hodi kwenye nyumba ya wenyewe. Siku ile kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba labda mimi ndiye mwenye nyumba kubwa, na ninaombwa tu nijue chumba kimoja zaidi.

Akatupa na siri ya kutorokea. Kila neno likifanywa dogo, linaingia kwenye *het*, bila ubishi. "Sisi tunasema *ekintu*, kitu. Kikiwa kidogo, *akantu*. Sisi tunabadilisha kichwa, wao wanafunga mkia: *huis, huisje. Tafel, tafeltje.* Usipojua ni *de* au *het*, punguza kitu, utakuwa salama."

Kulikuwa na mama mmoja wa Kikatoliki kwenye kundi letu, mkulima wa ndizi, mwenye mume kule anayefanya kazi ya kupaki maua. Aliipenda sana siri hii. Kuanzia siku ile kila kitu chake kilikuwa kidogo. Alikuwa na nyumba ndogo, ng'ombe mdogo, mvua ndogo. Siku moja akampigia mumewe simu mbele yetu ili aonyeshe maendeleo yake, akamwita *mijn mannetje*, yaani kimume changu. Upande wa pili tukasikia kicheko kikubwa cha wanaume wengi, maana mume alikuwa kazini na simu ilikuwa imewekwa kwenye kipaza sauti. Yule mama alitaka kujificha migombani. Nesi akamshika bega.

"Umemchekesha mtu kwa Kiholanzi," akamwambia. "Unajua mimi ilinichukua muda gani kumchekesha mtu kule? Simama, uendelee."

Hapo alipokuwa mkali ni hapo hapo alipokuwa mpole, na sikuweza kamwe kutabiri. Mwenye kigugumizi alimsubiri mpaka kahawa ipoe. Mwenye kujua akanyamaza kwa aibu, huyo alimfokea. "Kosa ninaweza kulishona," alikuwa anasema. "Ukimya nitaushona wapi?"

Na aliyedai mpangilio kwenye sentensi hakuwa nao kabisa ndani ya nyumba. Vijiko vyake vilikaa kwenye kopo la misumari. Friji ya zamani iliyokufa ilihifadhi vitenge na mbegu za maharage. Ukimwuliza kisu kiko wapi, atakwambia "kipo", basi. Niliwahi kumtania kwamba nyumba yake haina kitenzi. Akanijibu kwamba nyumba ni shairi, kila kitu kinakaa kinapopenda, na akanituma nikamtafutie chumvi. Niliikuta kwenye kiatu cha mpira.

Kulikuwa na jambo moja hatukumwelewa. Kama kule alikujua vile, kwa nini alirudi? Watu walisema alifukuzwa. Wengine walisema alivunjwa moyo na mwanamume. Yule mama wa *mannetje* ndiye aliyemuuliza uso kwa uso, tukiwa tunachambua maharage. Nesi hakuacha kuchambua.

"*Omdat ik hier nodig was*," akasema. Kwa sababu nilihitajika hapa. Kisha, kana kwamba ameulizwa swali la darasani: "Mmeona *was* ilipokwenda? *Omdat* ikiingia, kitenzi kinaacha nafasi yake kinakwenda kukaa mwisho. Neno la kuunganisha kama hilo ndilo linalokisogeza. Mtu akitoa sababu, hata kitenzi kinampisha."

Wazee wawili wa kijiji kile, na watoto wasiohesabika, walikuwa wamepita mikononi mwake wakiwa hai kwa sababu hakubaki huko.

Ndiyo maana kilichotokea baadaye kilituuma. Maneno yalianza kuzunguka kwamba Nesi anasafirisha watu. Wanasema anakusanya vijana, anawafundisha lugha ya siri, halafu wanatoweka. Sisi tuko karibu na mpaka, na habari za watu kudanganywa na kupelekwa nje zipo kweli, kwa hiyo siwalaumu walioogopa. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano na kumtaka aje ajieleze. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa kuulizwa baadaye kwa nini hakuuliza mapema.

Nesi alifika amechelewa, kwa sababu ya mtoto wa mtu. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kazi lililombana, na saa kifuani. Tulikuwa tumekaa mbele, wanafunzi wake wote, mioyo juu. Kama mkutano ungemkataza, mimi ningebaki Igurwa. Binti yangu alikuwa ameshazaliwa. Nilikuwa nimemwona kwenye kioo cha simu tu.

"Nesi," alianza mwenyekiti, "tunakuheshimu. Umewazalisha wake zetu. Lakini wananchi wanauliza, unauza nini kule nyumbani?"

"Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo," akasema Nesi. "Nitawaonyesha ninachouza. Mwenyekiti, naomba uje mbele."

Mwenyekiti akatazama huku na huku, akaja. Nesi akamwita yule kibarua mrefu, akamwita mama wa *mannetje*, akaniita mimi, akamwita na mzee mmoja wa kanisa ambaye hakuwa mwanafunzi. Akatupanga mstari. Mwenyekiti mbele kabisa, kibarua wa pili, halafu sisi.

"Mwenyekiti kwa lugha yao ni *de voorzitter*. Huyu mrefu ni *drinkt*, anakunywa. Huyu ni *morgen*, kesho. Mama ni *koffie*. Mzee wangu, wewe ni *bij mij*, kwangu. Semeni mmoja mmoja."

Tukasema. Mwenyekiti alisema neno lake kwa sauti ya kusoma bajeti. *De voorzitter drinkt morgen koffie bij mij.* Mwenyekiti atakunywa kahawa kwangu kesho. Watu wakapiga makofi.

"Sasa nataka kuanza na 'kesho'," akasema Nesi, akanivuta mimi mpaka mbele. "Mwenyekiti, tumekuwa wawili mbele ya kitenzi, na kitenzi lazima kiwe cha pili. Nani atampisha mwenzake?"

Mwenyekiti akamtazama kibarua. Kibarua, mpole kama kawaida yake, alitaka kusogea kwa heshima.

"Simama hapo!" Nesi akafoka. "Wewe ni kitenzi. Hata kwa mwenyekiti husogei."

Kicheko kilianzia nyuma kwa akina mama kikaja mbele kama mvua. Mwenyekiti akasimama kidogo, akapima jambo lile, kisha akakamata koti lake, akazunguka, akasimama nyuma ya yule kibarua, na kutoka huko nyuma akapaza sauti bila kuambiwa: "*De voorzitter!*"

*Morgen drinkt de voorzitter koffie bij mij.* Mkutano mzima ukairudia. Nesi akasubiri makelele yapoe.

"Hiki ndicho ninachouza," akasema. "Wanaokwenda, wanakwenda na pasi zao, mchana, kwa watu wao. Na mtoto wa mtu yeyote ambaye hana wa kumpokea, nimemrudisha kwa mama yake. Wamama hao wako hapa. Waulizeni."

Mama wa yule kijana mshonaji akasimama. Hakusema maneno mengi. Alishika shati lake mwenyewe, akasema, "Hili kalishona mwanangu. Angekuwa amekwisha kupotea." Akakaa.

Mwenyekiti hakufunga mkutano kwa maneno ya kawaida. Alisema tu, "Basi kesho nakuja kunywa kahawa, maana nimeshaahidi mbele ya watu." Na alikuja kweli. Baada ya hapo mtu akija kijijini na maneno ya kumchafua Nesi, mwenyekiti alimwuliza, "Wewe unajua kitenzi kinakaa wapi?"

Sisemi kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Nilipanda basi kwenda Dar es Salaam, nikakaa mbele ya ile mashine, ikaniuliza nilikula nini jana, na kila nilichokijua kikanitoka. Nikasikia sauti yangu ikisema *Gisteren ik heb*, "jana mimi nime...", nikajua nimesimama mbele ya kitenzi kama mtu aliyekosa adabu, na kuanzia hapo sikupata njia. Majibu yalipokuja nilikuwa nimeshindwa.

Nilikwenda Kamuli kumwambia. Alikuwa mlangoni, anapepeta maharage.

"Nimeshindwa, Nesi."

"Umekula nini jana?"

"Nesi, nimekwambia nimeshindwa."

"Nimesikia. Umekula nini jana?"

"Ndizi na maharage."

"Kwa lugha gani unaniambia?"

Nilitaka kulia. Nilisimama pale uani, na vumbi la safari bado liko viatuni.

"*Gisteren*," akaanza yeye, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Halafu nini? Nafasi ya pili."

"*Heb*."

"Halafu nani anayepita nyuma?"

"*Ik*."

"*Heb* ni sufuria. Weka chakula ndani."

"*Bananen met bonen*."

"Funika na majani ya mgomba, kitenzi cha kula kiwe mwisho."

"*Gegeten*."

"Sema yote."

"*Gisteren heb ik bananen met bonen gegeten.*" Jana nilikula ndizi na maharage.

Akaweka ungo chini. "Mashine haikukuuliza kitu usichokijua," akasema. "Ilikuuliza ukiwa peke yako. Sasa tutafanya mpaka ukiwa peke yako unisikie."

Tukaanza upya. Ni wakati ule alipotufundisha vile vitenzi vyao vinavyokatika. *Opstaan*, kuamka. *Ik sta vroeg op*: naamka mapema. Kipande kimoja kinabaki nafasi ya pili, kingine kinatupwa mwisho wa sentensi, na maneno yote ya katikati yanavitenganisha. Alimsimamisha kibarua kama *sta*, akanipeleka mimi mwisho kabisa niwe *op*. Nilijiona mpweke kule mwisho.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Naweka *omdat*." Akamshika kibarua mkono, akamleta mpaka nilipo, tukasimama bega kwa bega. "*Omdat ik vroeg opsta.* Kwa sababu naamka mapema. Mnaona? Ikiwepo sababu, waliotengana wanakaa pamoja."

Hakunitazama aliposema hivyo. Alishaanza kumfokea mtu mwingine.

Mara ya pili mashine iliniuliza mambo mengine kabisa: naamka saa ngapi, kwa nini napenda kazi yangu. Nilimsikia Nesi kwenye kila jibu. Nilijibu kwa sauti kubwa mno, nadhani hata askari wa getini alinisikia. Nilipofaulu nilimpigia mke wangu kwanza, akapiga yowe kazini kwake mpaka wakamwuliza nani amefariki. Kisha nikapanda bodaboda kwenda Kamuli, na njia nzima niliimba. Nesi aliposikia, alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alitoka nje, akasimama katikati ya barabara, akapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi. Majirani walitoka. Mwenyekiti alitoka. Yule kibarua alinibeba begani mpaka kanisani, na mwaka haukuisha naye akafaulu, kisha mama wa *mannetje* akafaulu, na Kamuli ikazoea vigelegele.

Nimeishi Uholanzi miaka sasa. Napaua nyumba, kazi ile ile, mvua tofauti. Nilizoea kusikilizwa na kueleweka. Ila binti yangu alikua akiongea Kiholanzi tu. Mama yake na mimi tulichoka kila jioni, tukamjibu kwa lugha iliyo nyepesi kwake, na hivyo ndivyo lugha inavyopotea. Alipoonana na mama yangu kwa simu, alikuwa anapunga mkono tu, mama anapunga, basi. Mama yangu ni mjane, hakusoma sana, na Kiswahili chenyewe anakiongea anapolazimika.

Mwaka uliopita tulikuja nyumbani, mara ya kwanza kwa mtoto. Safari ilikuwa ndefu. Tulipofika Igurwa uani kwa mama kulikuwa kumejaa watu. Shangazi wa Nyakakika alikuwepo, wajomba walikuwepo, na kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko alikuwa Nesi, amezeeka, amekonda, na uzi mpya kwenye miwani. Nilipiga goti nikamsalimia. Akanishika kichwa kama mtoto wa kliniki.

Binti yangu alishuka kwenye gari, wote wakamzunguka, wakamwongelesha Kinyambo, Kirundi, Kiswahili, wakamvuta mikono, wakambusu. Akaanza kulia. Alilia kile kilio cha mtoto asiyejua hata atamwambia nani. Nilipiga hatua kwenda kumchukua.

Nesi akanishika suruali. "Kaa," akasema.

Mama yangu alikuja polepole, anapangusa mikono kwenye kanga. Watu wakampisha. Akachuchumaa kwa shida mbele ya mjukuu wake, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua mzigo.

"*Kom maar, kind*," akasema. "*Ik zie dat je moe bent.*"

Njoo, mwanangu. Naona kwamba umechoka.

Mtoto aliacha kulia, mdomo wazi. Nilimtazama mama kama mtu nisiyemjua. Pembeni yangu Nesi alikuwa anasogeza midomo neno kwa neno, na *bent* ilipokaa mwisho kabisa, mahali pake, alijipiga paja.

"*Ik wil naar huis*," mtoto akasema kwa sauti ndogo. Nataka kwenda nyumbani.

"*Dat weet ik*," mama akajibu. Najua. Akafikiri kidogo, vidole vikihesabu nafasi kwenye goti. "*Eerst eten we. Dan slapen we.*" Kwanza tunakula. Halafu tunalala.

"*Wat eten we?*"

"*Bananen met bonen.*"

Mtoto akakunja uso, akacheka, akampa bibi yake mkono. Wakaondoka kuelekea jikoni, mtoto akiongea mfululizo bila kituo, mama akiitikia "*ja, ja*" kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Alianza lini?" nikamuuliza Nesi.

"Wewe uliondoka Jumatatu. Yeye alikuja Jumamosi. Kwenye simu hakuthubutu, alisema ataanza mtoto akiwa mbele yake." Akavua miwani, akaipangusa. "Nilimuuliza kama ninavyowauliza ninyi wote, nani anakungoja? Akasema, hakuna anayeningoja. Mimi ndiye ninayengoja. Sikuwa nimewahi kupata jibu kama hilo."

Kutoka jikoni binti yangu akachungulia mlangoni, macho makubwa, akapaza sauti mpaka watu wa nyumba ya pili wakasikia:

"*Papa! Oma kan praten!*"

Baba! Kumbe bibi anajua kuongea!